Kiti Kikavu cha Memsabu

Sina la kuficha, maana Diani nzima inanicheka tayari. Mimi ni dobi wa kanzu, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Memsabu aliponiita nimsafishie kiti chake cha kitani cheupe, Mzee Juma, mpishi wake, alinionya. "Mwanangu, chovya kitambaa, ukikamue sana, kisha upanguse polepole. Usikimwagie maji kiti."

Shikamoo nilimwamkia vizuri, lakini maneno yake niliyapuuza. Mpishi anifundishe mimi kufua? Nikakipiga sabuni, nikakimwagia ndoo tatu, nikakianika juani. Alasiri kilikuwa cheupe pe na kikavu, nikakirudisha ukumbini.

Lo, ujinga gani huu! Kilichokauka ni kitambaa tu. Ndani kimejazwa usumba wa makumbi ya nazi, na mke wangu mwenyewe husokota kamba za usumba. Kila siku naona unavyokunywa maji, na ukiubana unavyoyatoa yakiwa na rangi ya chai!

Jioni akaja mgeni wa memsabu, mzungu mnene mwenye suruali nyeupe. Akaketi, akashusha pumzi.

"Ah, kiti kina baridi nzuri!"

Nilikuwa mlangoni nikingojea sifa. Nikajitokeza, kifua mbele. "Ni mimi niliyekifua, bwana. Kwa mikono yangu hii."

Mgeni akainuka anitazame vizuri. Memsabu, aliyekuwa nyuma yake, akaiona suruali, akapiga ukelele.

Mzee Juma akatoka jikoni na kitambaa kilichokamuliwa sana, akanikabidhi.