Walivyoanza Kuniita Mama Chura

Mvua za kwanza zilipolowesha mabonde ya Kilolo, vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni alikolima mama mboga, vililipuka kwa sauti za vyura. Walilia mchana kweupe, sauti nene kwa nyembamba. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nasi hazikutuzuia kupalilia, ila zilitufanya tuzungumze kwa kupayuka kama watu wanaogombana. Nilikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Ambokile, Mnyakyusa mrefu aliyecheka kwa mabega, alimwagiza kila mmoja wetu aje na chura wa kupasua maabarani. Niliingia matopeni na ndoo. Baada ya kuanguka mara mbili nilimnasa mmoja mkubwa wa kahawia, na mgongoni mwake kang'ang'ania mdogo. Kila nilipojaribu kuwatenganisha, yule mdogo alizidi kukaza mikono. Mama akaegemea jembe lake. "Mwanangu, hata chura anajua kubeba mtoto. Unawapeleka wapi hao?" Nikaifunika ndoo kwa jani la mgomba.

Kesho yake maabara ilinuka klorofomu ya kuwalaza vyura, visinia vya nta vimepangwa mezani, pini na nyembe kando. Zamu yangu ilipofika, nikaikumbatia ndoo. "Mwalimu, wangu simpasui. Ana mtoto mgongoni." Mwalimu akachungulia, mabega yakaanza kumtikisika. "Binti, huyo si mtoto. Ni mume wake!" Darasa likaangua kicheko hadi stuli zikaanguka. Usilolijua ni usiku wa giza, na wangu ulikuwa giza totoro. Hata hivyo sikuiachia ndoo. Mwalimu akaacha kucheka, akanionya kwamba nisipopasua ni sifuri, na sifuri hiyo itaingia kwenye ripoti ya muhula. Baba yangu alisoma ripoti mstari kwa mstari. "Naipokea, Mwalimu," nikasema. Akaagiza beseni la maji kutoka jikoni, tukawatia humo vyura wangu wawili.

Asubuhi tulikuta beseni limejaa mayai, vidoa vyeusi ndani ya ute, kama mbegu za pesheni. Mwalimu aliwarudisha wazazi bondeni, akaniachia watoto. Kwa wiki kadhaa niliwachotea maji ya kijito, nikawalisha mchicha uliochemshwa, nikachora kila badiliko: miguu ya nyuma, kisha ya mbele, na mkia ukinywea siku hadi siku. Wenzangu wakaniita Mama Chura, na kidato cha kwanza wakapanga foleni kuja kuchungulia. Muhula ulipoisha, Mwalimu alipitia michoro yangu yote, akaikata ile sifuri kwa kalamu nyekundu. "Umesoma kuliko waliopasua," akasema.

Leo nafundisha baiolojia Mbeya, upande wa Uyole. Wanafunzi wangu wanautazama moyo wa chura ukidunda ukutani kwa projekta. Hakuna anayeuawa, na hilo lanifurahisha kweli. Lakini juzi msichana mmoja aliniuliza kama chura ni wa baridi au wa moto, nikagundua kwamba darasa zima halijawahi kumshika. Jumamosi nikawapeleka kwenye mfereji wa mashambani. Nilipomwekea chura kiganjani, yule msichana alipiga yowe, akacheka, kisha akatulia, kidole gumba kikiwa chini ya koo la mnyama.

"Mwalimu," akanong'ona, "kumbe anapumua."