Mnaoponda upinde wa lile gemu la samurai, mimi umenirudisha kwenye kazi yangu ya hina

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo nyote.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna uzi watu wanalichambua lile gemu la open world, la kuzurura utakako, la Japani ya zamani, la masamurai, na karibu kila anayechangia anauponda upinde. Mara ni mzito, mara unachelewa, mara waliolitengeneza hawajui kazi.

Jina la gemu silitaji, mashabiki wasije wakageuza hapa uwanja wa vita. Mnaolicheza mmeshalijua.

Haya ninayoyaandika yamenipata mwenyewe, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mama amekaa kando yangu anachambua mchicha na nimemsomea mwanzo wake. Amesema nikitia chumvi tu, atanifichua.

Mimi ni mwanamke, umri thelathini na kitu, na kazi yangu ni kupaka hina. Maharusi hasa. Wateja wangu wengine ni wa mitaa hii hii, wengine wa Kizingo, hao hunitumia gari lije kunichukua.

Kwa wasioijua kazi hii: hina iliyokorogwa inatiwa ndani ya koni ndogo ya plastiki. Unaibana kwa kidole gumba na cha shahada, inatoka nyembamba kama uzi. Ukibana kwa nguvu linatoka donge. Ukilegeza, mstari unakatika. Ua zima la bi harusi liko kwenye vidole viwili.

Sasa nikaanguka.

Hakuna kisa kikubwa. Nilikuwa nateremka kutoka darini kuanua nguo, ngazi zetu ni za mbao na zimesimama wima, mtu aliyepanda na ndoo mbele yangu alimwaga maji. Nikateleza, nikatanguliza mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika.

Plasta nilivumilia. Kilichonitisha ni siku ilipotolewa. Vidole vilikuwa vimekauka, vimeganda, kama nimeazimwa mkono wa mtu. Nilishika kikombe cha chai kikanitoka. Nilishika koni nikaibana, haikutoka kitu. Nikabana tena, likamwagika donge mezani.

Wakuu, nilikaa nikalitazama lile donge mpaka likaanza kukauka.

Hospitali wakanipeleka kwa dada mmoja wa fizio, wa mazoezi ya viungo, anaitwa Kadzo, mtu wa Kaloleni, mpole lakini hana mchezo. Alinikunja vidole kimoja kimoja huku nalia, akaniambia, "Mkono huu haurudi kwa kuuonea huruma. Utaurudisha kwa kuutumia." Akanipa mpira wa sponji, niwe naubana kila siku.

Nawaambia ukweli, ule mpira unachosha. Unabana, unaachia. Unabana, unaachia. Hujui kama unaendelea mbele au umesimama pale pale.

Ndipo anapoingia mdogo wangu Abdulkarim. Ni fundi wa simu, duka lake liko Mwembe Tayari, na bado tunakaa naye nyumbani. Gemu ni lake, liko sebuleni. Jumapili moja baada ya chakula alikuwa analicheza, mimi nimekaa na sponji yangu nimenuna. Akanigeukia.

"Dada, hebu shika padi wewe. Huku pia ni kubonyeza tu."

Nilishika ili anyamaze.

Maoni yangu ya mara ya kwanza? Gemu baya. Nilimwingiza farasi mtoni. Nikauliwa na jambazi mwenye jembe. Abdulkarim alicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza nani ameingia.

Kisha nikafika mahali yule msichana unayemchezesha kwenye gemu anapewa upinde.

Hapa ndipo nawataka wenzangu mnaoponda. Ukiuvuta ule upinde, kitufe cha nyuma cha padi kinakuwa kigumu chini ya kidole. Lazima ukibane polepole. Kisha ukishikilie vile vile, usizidishe, usipunguze, huku unalenga. Ukishtuka kidogo, mshale unaenda kombo.

Nilihisi kitu nilichokuwa sijakihisi tangu nianguke. Kidole kilikuwa kinafanya kazi ile ile ya koni.

Nikamwambia Abdulkarim, "Kitufe hiki chabanwa kama koni ya hina."

Akasema, "Hicho ndicho watu wote wanachokilaani."

Siku ya kliniki nikaitia padi mkobani nikampelekea Kadzo. Aliigeuza, akakibana kile kitufe, akakibana tena. Akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna, ni akili yangu mwenyewe. Akatabasamu, lakini masharti akatoa: nianze kwa kuloweka mkono kwenye maji ya moto, nicheze kidogo nipumzike, maumivu yakipanda juu ya kifundo niache hapo hapo. "Na mpira wa sponji usiutupe," akasema. "Hili ni la kuongezea, si la badala."

Basi nikaingia kazini. Kila baada ya sala ya adhuhuri, maji ya moto, kisha padi.

Mama hakupendezwa. Alipita sebuleni akasimama mikono kiunoni.

"Mtu mzima wewe, kutwa wapigana na Wachina."

"Ni Wajapani, Mama."

"Na hao Wajapani wamekukosea nini?"

Kabla sijasahau, lile suala la easy mode, kiwango chepesi, mnalogombana humu kila siku. Mimi niliweka mapanga easy, na sioni haya. Vidole vyangu havikuweza kubonyeza haraka vile, ningekufa kila hatua nikate tamaa. Abdulkarim akataka niweke na upinde usaidiwe kulenga. Hapo nilikataa. Ugumu wa upinde ndio niliokuwa nautafuta. Kwa hiyo mnaposema mwenye kucheza easy hachezi gemu, kumbukeni hamjui mwenzenu ameshika padi kwa mkono gani.

Kuna misheni moja wengi mmeilalamikia. Ngome ya mlimani, mvua inanyesha, juu ya mnara kuna kengele na mlinzi. Unatakiwa uikate kamba ya kengele kwa mshale mmoja kabla mlinzi hajaifikia. Lazima uvute, ungoje, taa ya mlinzi ipite, ndipo uachie. Kule kungoja ndiko kulikonimaliza. Kidole kilianza kutetemeka, shabaha nayo inatetemeka, mshale unapita pembeni, kengele inalia, ngome nzima inaamka.

Nilishindwa sijui mara ngapi. Kuna siku stima ilipotea nikiwa katikati na nikashukuru.

Wakati huo huo harusi ya Rukia ikatangazwa.

Rukia ni binti ya shangazi yangu Zuhura. Tangu akiwa darasa la tano ananiambia hina yake ya harusi nitampaka mimi. Nikaenda kwa shangazi, nikamkuta ameshazungumza na Mwanasha, mpakaji mwenzangu wa Majengo. Hakunificha.

"Mkono wako bado, mwanangu. Nimekuhurumia nisikubebeshe mzigo."

Nikamwambia, "Shangazi, nione kwanza."

Nilikuwa nimekuja na koni. Nikapaka ua kwenye kiganja changu mwenyewe cha kushoto, mbele yake, Rukia amesimama mlangoni. Nilitumia muda mrefu. Nilipomaliza shangazi akavaa miwani akaushika mkono wangu, akaniwekea kidole kwenye jani moja.

"Hapa pametetema."

Kweli pametetema.

"Na hapa. Harusi haina marudio, mwanangu."

Sikumchukia. Alisema haki, na Mwanasha ni mpakaji mzuri. Lakini nilimwomba kitu kimoja: asinifungie mlango mpaka nirudi tena. Rukia akaingilia, akasema, "Mama, mngoje." Shangazi akavuta pumzi, akasema haya, atangoja, ila wiki ya harusi ikiingia hangoji mtu.

Nilipofika nyumbani nililia kidogo, nikanawa uso, nikaanza upya.

Asubuhi koni. Nilipaka juu ya sinia la chuma, mistari mitupu, mirefu, nafuta, napaka tena. Mchana upinde. Jioni sponji ya Kadzo. Hina ya mazoezi ilinuka nyumba nzima, Abdulkarim akalalamika hata mashati yake yananuka harusi. Kuna siku kifundo kilivimba nikalazimika kupumzika siku mbili tatu, na Kadzo akanigombeza sawasawa. Nikajifunza kuacha kabla hakijauma, na hilo kwangu lilikuwa gumu kuliko kuendelea.

Kisha ikaja ile alasiri.

Abdulkarim yuko kazini. Nimerudi kwenye mnara wangu, mvua ile ile, taa ile ile. Nikavuta. Nikangoja. Taa ikapita upande wa kulia, ikasita, nikafikiri imeniona. Sikuachia. Ikaendelea. Nikaachia.

Kamba ikakatika. Kengele ikaanguka kwenye matope, kimya.

Nilipiga kelele. Nikageuka, Mama amesimama nyuma yangu na kitambaa cha jikoni. Nikamwambia, "Mama, umeona kamba?"

Akasema, "Kamba gani? Mimi natazama mkono. Haukutetema."

Kumbe siku zote zile alizokuwa akipita sebuleni akinisuta, alikuwa anapita kuutazama mkono.

Nilirudi kwa shangazi Zuhura siku zimebaki chache. Safari hii nilimpaka Rukia mwenyewe, jani moja na ua dogo juu ya kidole cha pete. Shangazi akavaa miwani, akaangalia. Akampigia Mwanasha simu mbele yangu, wakaelewana: Mwanasha apake miguu, mimi mikono. Mwanasha naye hakuona vibaya. Aliniambia, "Karibu dada, miguu ya Rukia ni mirefu, ningechoka."

Siku ya hina ukumbini wanawake wamejaa, ngoma, udi, watoto wanakanyaga kila kitu. Nilimwomba Rukia tukae chumba cha ndani. Nilianza na kiganja cha kulia. Ua la kwanza vidole vilikuwa baridi na mstari ukataka kukimbia. Nikaiweka koni chini. Nikafungua na kufunga vidole, nikatia mkono kwenye bakuli la maji ya moto nililokuja nalo, watu wakinishangaa. Nikaanza tena.

Sikwenda haraka. Zamani mikono miwili ningeimaliza huku napiga soga. Safari hii sikusema neno. Mwanasha alimaliza miguu, akala, akanywa, akarudi kunishikia taa ya simu. Rukia naye hakujitikisa hata alipowashwa na pua, alimwita mtu amkune.

Nilipomaliza sikuwa na nguvu ya kunyanyua mkono. Shangazi Zuhura akaingia, akavaa miwani yake. Alianza kwenye kucha akateremka mpaka kwenye kifundo, mkono wa kwanza, kisha wa pili. Mimi nilikuwa nayajua makosa yangu yako wapi, mawili, na nilimwona akiyapita.

Akavua miwani. Akakaa chini mbele yangu, yeye na gauni lake la sherehe, akanyoosha mkono wake.

"Na mimi nipake," akasema. "Kidogo tu, usijichoshe."

Nikampaka ua moja.

Huo ndio ukweli wangu, wakuu. Sasa nisije nikasomwa vibaya. Sisemi gemu ni dawa. Kadzo mwenyewe amesema kilichonirudisha ni vyote kwa pamoja, mazoezi, maji ya moto na ukaidi wangu. Mwenye mkono mgonjwa aende hospitali kwanza, asianze na padi. Na mkono wenyewe haujarudi wote, asubuhi za baridi ya Julai unagoma, na sichukui tena maharusi wawili siku moja.

Gemu lenyewe lina kasoro, nakubali. Farasi hana akili. Zile kazi ndogo ndogo za vijijini zinafanana, ukishaokoa mkulima mmoja umewaokoa wote. Hadithi inachelewa kuanza. Mvua wameiweza, mashamba ya mpunga wameyaweza, na yule msichana wameniandikia vizuri, hachekicheki ovyo.

Lakini upinde uacheni. Waliouweka mzito waliuweka hivyo makusudi. Unakufunza kubana, kungoja, na kuachia kwa wakati wake, na mimi hayo nilikuwa nayahitaji kuliko ushindi. Nilichojifunza ni kwamba kitu kikiwa kigumu si lazima kiwe kibovu. Pengine hujakaa nacho vya kutosha.

Haya, uwanja ni wenu. Anayeona nimelitetea gemu kwa mapenzi aseme, sitakasirika. Aliyewahi kuvunjika mkono aniambie vidole vyake vilichukua muda gani kumtii. Na aliyempita yule mzee wa mkuki anayeziba njia pale darajani kwenye gemu bila kuweka easy, naomba anieleze alifanyaje, maana mapanga nimeshayapandisha hadi normal na sina nia ya kuyateremsha.