Unga wa Tumbo la Nguruwe

Mimi si mtu wa kusubiri. Hata ndizi zikiwa jikoni hufunua sufuria mara tatu kabla hazijaiva. Ndivyo nilivyowaachisha kunyonya mapema mno watoto tisa wa nguruwe wetu kule Muleba. Siku ya pili wote wakaanza kuhara.

Mama yangu alinishauri niwarudishe kwa mama yao. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, akaongeza, kama anavyonikumbusha tangu nikiwa darasa la pili. Nilimfokea aniache, sikumsikiliza. Nikaenda hadi Rwamishenye, muuza dawa za mifugo akanipa paketi ya unga wenye bakteria wazuri wa tumboni, wa kuchanganya na chakula. Alikuwa bado anaeleza nilipotoka dukani.

Kwetu chakula ni cha moto. Kumwandalia mgeni ndizi zilizopoa ni kumdharau, na mgonjwa ndiye hupewa cha moto zaidi. Kwa hiyo kila asubuhi nilipika pumba na ndizi, nikakoroga ule unga mvuke ukiwa bado unanipiga usoni, kisha nikangoja kipoe kidogo wasiungue midomo.

Siku ya tatu ya dawa wanne walikuwa wamekufa. Nilizunguka banda mpaka miguu ikauma, nikitafuta wa kulaumu, nikaona machicha ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, karibu na mlango. Mama huwapa nguruwe wakubwa.

"Umewaua kwa pombe yako," nilimwambia.

Alichukua kisu chake, akaingia kibanjani, kwenye shamba letu la migomba.

Nikampigia simu yule muuzaji kwa hasira. Aliniuliza kama chakula kilikuwa cha moto. Nikasema ndiyo, ningewapaje cha baridi?

"Dada, hao bakteria ni viumbe hai," alisema. "Umewapika."

Akanielekeza nipooze chakula kabisa kabla ya kuweka unga, niwape maji safi yenye chumvi na sukari kidogo, na niwarudishe kwa mama yao kama bado ana maziwa. Nilifanya yote siku hiyohiyo. Watano walipona.

Nilimfuata mama kibanjani, alikokuwa anakata majani makavu ya migomba. Nilipiga goti, nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya mvuke.

"Najua," alisema, bila kuacha kukata. "Niliisoma paketi siku ya kwanza. Wameandika usichanganye na chakula cha moto."

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuogopa."