Nimempora mtani ufunguo wa trekta

Jamani, nimempora mzee wa watu ufunguo wa trekta na bado nahema!

Mume wangu kipenzi yuko mjini. Mawingu yametanda Uluguru, na shamba letu la kwanza la mahindi hapa Mzumbe halijalimwa. Dereva wetu, Mzee Kobelo, mgongo umemkaza, lakini hataki dereva mwenzake Juma aliguse trekta.

"Hili ni mke wangu," akasema. "Wewe bibi harusi, ungemwazimisha mtu mumeo?"

Nikakumbuka: yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi. Watani!

Nikamchomolea ufunguo mfukoni. Mtani hakasirikiwi.

Akacheka hadi akakohoa. "Mwizi mkubwa wewe!"

Sasa Juma analima. Mzee anamfuata nyuma, mkono kiunoni: "Polepole, utamuumiza!"

Watani wenzangu, nimekosea?

Ila lile swali lake linanizunguka. Mume wangu simwazimishi mtu! Rudi haraka, mpenzi.