Sakafu Aliyosingiziwa Mama

Mama yangu alipiga deki trela yetu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu wa kanisa letu wanaolisimulia wakicheka, na sitaki mtu adhani nalificha. Alijaza ndoo maji ya sabuni, akayamwaga sakafuni, akainama na tambara akasugua, kisha akayasukuma maji nje ya mlango kama alivyofanya maisha yake yote kwenye saruji ya nyumba yake Kakamega, na kama alivyotufundisha sisi. Nani alikuwa amemwambia kwamba sakafu ya trela ni plaiwudi iliyofunikwa plastiki? Mimi nilikuwa kazini, kaka yangu mkubwa alikuwa kwake Inver Grove Heights, na mama, aliyekuja kututembelea huku ughaibuni msimu wa joto, hajui kukaa bure.

Trela yenyewe tuliinunua pamoja na kaka. Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo watu huku huivuta nyuma ya gari kwenda kulala kando ya ziwa. Wakenya wenzetu walitutania sana: tumetoka kwenye nyumba za mabati, sasa tunanunua nyingine ya kuburuta? Kaka hakujali. Yeye ndiye aliyeichagua. Aliingia, akawasha taa zote, akafungua friji, akajilaza kitandani na viatu vyake, akasema hii ni yetu. Tukaileta kwangu Blaine, ikaegeshwa kando ya gereji yangu.

Siku hiyo ya deki, mama alipofika karibu na kitanda, mguu wake ulizama. Sakafu haikuvunjika, ilibonyea tu, lakini alishtuka akapiga kelele. Kaka alipokuja jioni kuangalia, alitoa hukumu hata kabla ya kumsalimia mtu.

"Mum, hii ni wood! Huwezi kumwaga maji hivyo. Ume-damage floor yote. Hii sasa ni ya kutupa."

"Sikujua, baba," mama akasema. Humwita baba kwa sababu kaka amerithi jina la babu yetu, baba yake mama.

Wanangu, ambao husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, wakalichukua neno hilo na kulitembeza mtaani. Bibi yao wanamwita Kukhu. "Kukhu broke the camper," wakamwambia kila jirani aliyepita, yaani bibi ndiye aliyeivunja trela.

Tangu hapo mama akawa mgeni nyumbani kwangu. Alikuwa akishika kikombe ananiuliza kama anaruhusiwa kukiosha. Mwanamke huyu alijenga nyumba kwa mikono yake baba alipofariki, leo anaomba ruhusa ya kugusa sinki! Kisha akaniomba nimbadilishie tiketi arudi mapema. "Nisije nikaharibu na nyumba," alisema, na wala hakuwa anatania. Nilikasirika. Nikaapa kwamba mama yangu hatapanda ndege akiwa amebeba kosa la sakafu, labda kosa hilo liwe lake kweli.

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee kule Roseville. Kila asubuhi nabonyeza miguu ya wazee kwa kidole gumba, kwa sababu mguu uliojaa maji ukiubonyeza unabaki na shimo. Basi nikaingia kwenye trela, nikapiga magoti, nikaanza kuibonyeza sakafu vivyo hivyo. Nilianzia mlangoni, mahali mama alipomwaga maji mengi zaidi. Pagumu. Chini ya sinki, pagumu. Penye meza, pagumu. Nilipokaribia kitanda ndipo kidole kikaanza kuzama, na chini ya kitanda chenyewe, nyuma ya droo ambapo tambara la mama lisingeweza kufika, palikuwa pabaya kuliko kote. Na palinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Nikampigia kaka.

"Maji hu-spread, sister," akasema. "Wacha kum-defend Mum. Alimwaga, period."

Mbaazi ukikosa maua husingizia mvua. Nikamkatia simu, nikachukua kisu, nikaichana ile plastiki.

Chini yake nilikuta kipande cha ubao kipya, safi, skrubu zake bado zinang'aa. Nilipokifungua, ubao wa zamani uliofichwa chini yake ulikuwa mweusi, ukanimong'onyokea mkononi kama mkate uliozamia kwenye chai. Mtu alijua sakafu imeoza. Aliufunika uozo, akatuuzia, na kaka yangu akalala juu yake na viatu.

Weusi ule ulipanda ukutani. Nikaufuata nyuma ya mbao za ukuta mpaka kwenye kona ya paa. Nikaleta ngazi, nikapanda. Pale paa linapokutana na ukuta, gundi ya kuzuia maji ilikuwa imekauka na kupasuka. Theluji hukaa pale miezi mingi, inayeyuka mchana, maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda usiku, yanaupanua. Shuleni nilikariri kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi baadaye ilibidi nijenge na sakafu juu yake. Siku hizi napanda mwenyewe kabla ya theluji na baada ya theluji, nakwangua gundi iliyochoka na kupaka mpya, nabonyeza kila kona, naacha kabati wazi hewa ipite. Na sakafu naipangusa kwa tambara lililokamuliwa, maana ukweli lazima usemwe: trela haipigwi deki. Lakini maji ya deki ya mara moja hayaozeshi ubao ukawa mweusi.

Jumapili, kaka alipotoka kanisani, nikamwita aje kwangu. Sikumkaribisha chai. Niliwatoa mama na watoto nje, nikamwingiza ndani ya trela na suti yake, mlango ukiwa wazi ili kila mtu asikie.

"Weka mkono hapo chini."

"Wacha drama, bwana."

"Kaka, weka mkono."

Akachuchumaa, akaweka. Nikamwonyesha ubao mpya, skrubu, ule weusi unaopanda ukutani. Akavitazama vidole vyake.

"Sawa," akasema. "Tusahau tu. It's okay."

"Hatusahau. Ulimsema mbele ya watoto. Msafishe jina mbele ya watoto."

Nilijua ni mkubwa wangu na kwetu mdogo hamwambii mkubwa hivyo. Nilimwambia, na ningemwambia tena. Akainuka, akasimama mlangoni, akalegeza tai.

"Mama, si wewe," akasema, safari hii kwa Kiswahili kitupu. "Sakafu ilikuwa imeoza kabla hujaja. Mimi ndiye sikuiangalia. Nisamehe."

Mama alikuwa amesimama kwenye nyasi, amefunga leso yake kiunoni. Hakutabasamu. Alimtazama mwanawe.

"Kila asubuhi nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe hiyo sakafu," akasema. "Nikimwambia, nimeharibu jasho la watoto wangu."

Kaka akarudi ndani akakaa chini, juu ya ubao mbovu, na suti yake ya kanisani. Hakuna aliyemwambia ainuke.