Mlango wa Pili

Nianze na baba mkwe, maana bila yeye hakuna habari hapa. Jina lake silitaji. Silitaji leo kama ambavyo sikulitaja siku niliyoolewa, na wajukuu wanaonicheka wacheke tu. Kwetu Unyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja huingia ndani, au hupinda njia, na akikosa pa kujificha huchuchumaa akajifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Mzee mwenye adabu zake naye hatembei kimya. Hukohoa, hugonga fimbo, ili mkwe apate nafasi ya kujiondoa. Wageni walidhani ni chuki. Si chuki hata kidogo.

Wa kwangu alikuja Mbeya mjini miaka ya hamsini mwanzoni, kifua kikimsumbua. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe wengine walikwenda machimboni huko kusini, hawakurudi wala hawakuandika. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Akamjengea baba yake kijumba cha miti na udongo pembeni mwa uwanja wetu, mlango wake ukitazama mto na wetu ukitazama barabara. Katikati tukapanda migomba. Mimi nilipika, binti yangu mkubwa akampelekea babu yake. Tuliishi hivyo miaka mitatu, na naapa katika ukoo ule hakuna aliyenipenda kama yeye.

Nilijuaje? Kwa kuni. Kila asubuhi nilikuta kuni mlangoni pa jiko, zimepasuliwa nyembamba za kuwashia moto, zimefunikwa gunia zisilowe. Mzee wa kifua kibovu, katika baridi ile ya mwezi wa sita ambayo hata mbwa hataki kutoka! Na mtoto wangu wa mwisho alipofariki, wanawake walikuja wakalia nami, kisha wakarudi makwao, kila mmoja ana shughuli zake. Siku ya tatu nikasikia mtu amekaa nje ya ukuta, nyuma ya chumba nilicholala. Alikuwa anasali sala za kanisani, polepole, kwa Kinyakyusa. Akasali mpaka nikapata usingizi. Sikuwahi kumwambia asante. Ningemwambiaje?

Basi ikaja habari kwamba kitongoji chetu kitavunjwa. Nyumba za udongo na nyasi zimekuwa nyingi mno, zimebanana, moto ukishika moja zinakwenda zote. Kila mwenye nyumba angepewa kiwanja upande wa juu, mistari imenyooka, na kila kiwanja nyumba moja tu kwa ramani iliyopitishwa na kamati ya mji. Ramani ilibandikwa ubaoni pale sokoni, na tangazo likasema mwenye neno alilete kabla kamati haijakata shauri.

Wanaume walikwenda kuitazama wakarudi wanatabasamu. Bati! Sakafu ya saruji! Madirisha ya vioo! Mume wangu alirudi na furaha kuliko wote, maana kazi ya kujenga ingekuwa yao mafundi. Nikamuuliza kama wazee wetu wamesema lolote. Akasema walikwenda mbele ya kamati, baba yake akiwa mmoja wao kama mzee wa Wanyakyusa wa kitongoji, wakaulizwa kama wana neno, nao wakajibu kwa heshima kwamba hawana neno.

Siku ya pili nilikwenda sokoni na karai langu la ndizi, nikasimama mbele ya ubao. Mimi ramani nilizijua. Mume wangu alizoea kuchora kazi zake za kesho kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, na mimi nilizifuta kila siku nikifagia, basi nikajifunza. Mstari mnene ni ukuta. Mistari miwili myembamba ni dirisha. Mlango ni kile kipande cha duara, kinaonyesha unafungukia wapi. Nikahesabu. Vyumba viwili, ukumbi mwembamba katikati, jiko na choo uani. Kipande cha duara cha kuingilia kilikuwa kimoja tu, mbele, barabarani. Ukitaka kwenda jikoni unatoka mbele, unazunguka nyumba. Na chumba cha mzee na chumba chetu vyote vinatokea kwenye ukumbi uleule, upana wake hatua mbili.

Ala! Nikarudi nyumbani na ndizi zangu, sijauza hata moja.

Jioni ile nilimpasulia mume wangu ukweli. Nikamuuliza baba yake atapita wapi na mimi nitapita wapi. Nikamuuliza kama alipoitazama ile ramani macho aliyaacha nyumbani. Akasema aliona, na wazee wote waliona, na baba yake ndiye aliyeona wa kwanza. Basi mbona hawakusema? Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini hakuvua suruali sokoni. Mzee atasimamaje mbele ya Mzungu, na mbele ya watu wa pwani na Wahindi wenye maduka, aanze kueleza habari za yeye na mkwe wake? Na yeye mtoto atasemaje habari hizo baba yake amekaa hapo?

Kwetu ukiulizwa una neno, unajibu hatuna neno. Hiyo ni adabu. Mwenye akili anajua kwamba sasa ndipo aanze kuuliza vizuri. Lakini mwenyekiti wa kamati, Mzungu mrefu mwenye mafua yasiyokwisha, hakuyajua hayo. Aliandika kwamba wamekubali.

Kisha mume wangu akasema lile lililoniuma. Baba yake amekwisha kuamua kurudi Rungwe. Nyumba itakapovunjwa, yeye atapanda lori la makaa ateremke nyumbani.

Nyumbani kwa nani? Nyumba yake kule ilikwisha kuanguka. Nani angempikia? Hospitali ingekuwa safari ya siku nzima, na kifua kile kilikuwa kinataka daktari kila baada ya wiki mbili. Nilijua anakwenda kufa, naye alijua, na mume wangu alijua, na wote walikuwa tayari iwe hivyo kuliko kutamka neno moja mbele ya watu. Nililia kwa hasira. Nikamwambia mume wangu kama wao hawana neno, mimi ninalo.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Kiislamu, babu yake alitoka pwani, mumewe akiuza mchele wa Chimala na akiwa mjumbe wa kamati. Yeye alinitania tangu tujuane, kwamba Wanyakyusa tunakimbia wakwe kama tumewaibia kuku. Siku ile nilipomweleza hakutania. Akaniambia, "Shoga, mimi hiyo nyumba nimeikataa zamani moyoni. Nitoke kwenda msalani nikipita mbele ya wanaume waliokaa barazani? Labda nimekufa." Alikuwa amemwambia mumewe, na mumewe akasema mambo ya uani hayasemwi kwenye kamati. Ndivyo walivyokuwa wote, wa pwani kwa wa milimani. Akanipa kanga yake nzito nijifunike, akaniambia kikao cha mwisho ni Alhamisi alasiri, katika ukumbi ulio nyuma ya soko.

Alhamisi nikaenda. Mvua ya manyunyu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Kuingia sikuweza, maana baba mkwe alikuwa ndani kwenye benchi la wazee. Nilisikia kikohozi chake tangu njiani. Nikasimama nje, chini ya dirisha, kanga kichwani, nimeupa ukumbi mgongo. Walipofika kwenye nyumba zetu, mwenyekiti akasoma kwamba wenyeji waliulizwa na hawana neno, basi tuendelee. Nikasema kwa sauti kwamba neno lipo.

Vicheko vikazuka. Mtu mmoja akauliza nani huyo anayeongea na ukuta. Mwenyekiti, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha bomani lakini kinaeleweka, akaniambia niingie. Nikasema siwezi. Akauliza kwa nini. Hapo mume wangu, aliyekuwa amesimama na mafundi wenzake, aliinamisha kichwa. Hili nililisikia baadaye kwa watu.

Basi nikaanza kueleza nikiwa palepale nje. Nikasema wanatakiwa waweke mlango wa pili, nyuma, kwenye ukuta wa uani. Wakauliza ukuta upi. Nikasema ule wa chumba cha mkono wa kulia. Wakauliza kulia ukitokea wapi. Nikasema ukitokea barabarani, la, ukiwa umesimama uani, na nikazidi kujichanganya, mvua inanichuruzika shingoni na watu wanacheka. Mwenyekiti hakucheka, nampa haki yake. Akasema, "Mama, karatasi iko hapa mezani. Hatuoni unaonyesha wapi. Kama huwezi kuonyesha, lazima tuendelee."

Nikajua imekwisha. Nikajiona nimemwaibisha mume wangu bure, na mzee atapanda lori.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu mara mbili, kama alivyozoea kugonga akitaka kupita uani kwetu. Halafu sauti yake. Sikuwahi kuisikia akisema na mkutano. Alisema kwa Kiswahili, polepole, "Bwana mwenyekiti, mniwie radhi. Mimi sipo hapa." Watu wakaguna. Akasema tena, "Nimejifunika. Mimi sipo. Huyo mama aingie aonyeshe mlango wake."

Niliingia nimeinama, macho chini. Kwenye benchi la wazee alikuwepo mtu aliyejifunika blanketi la kijivu gubigubi, kichwa na vyote, kama gunia la viazi limesimamishwa. Nikapita mbele yake. Tangu niolewe nilikuwa sijapita karibu naye kiasi kile, na mzee wa makamo yake kujifanya kitu mbele ya watu wazima, mbele ya wageni, kwa ajili yangu, lilikuwa jambo lisilokuwa na jina kwetu.

Nikafika mezani, nikaweka kidole. Nikasema, "Hapa. Mimi nipite huku, yeye apite kule."

Mwenyekiti akatazama kidole, akatazama lile blanketi, nikaona uso wake umeelewa. Akapenga kamasi. Akauliza kwa nini hawakuambiwa mwezi uliopita. Hilo nilikuwa na jibu lake. Nikamwambia, "Mliwauliza wanaume kama wana neno. Neno tulikuwa nalo sisi."

Muuza mchele akakohoa kidogo, akasema, ikiwa linazungumzwa, basi hata wake zao wangeuhitaji mlango huo. Mzee mmoja wa Kisafwa akasema na wao pia. Ghafla kila mtu ana neno! Mjumbe aliyehusika na vifaa akalalamika kwamba fremu zimekwisha kuagizwa na mbao za ziada hakuna. Nikasema watoe dirisha la nyuma la chumba hicho, mbao zake zisaidie fremu ya mlango. Mwenyekiti akachukua penseli, akachora kile kipande cha duara. Alikichora mlango ufungukie ndani, ungegonga kitanda. Nikamwambia aufungue nje. Akafuta, akachora upya. Nilipogeuka nikamwona mume wangu ameinua kichwa, anatazama ile penseli.

Nikatoka kama nilivyoingia. Nikiwa mlangoni nikasikia mzee anakohoa chini ya blanketi, kikohozi kile cha kunijulisha kwamba sasa amerudi.

Ramani ilichorwa upya, ikapitishwa mwezi uliofuata, mlango wa pili kwenye nyumba zote za mistari yetu. Wapo ndugu wa mume wangu kule Rungwe waliosema nimevunja mila, na waliendelea kusema miaka mingi. Sikuwajibu. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, kilikuwa giza mchana kutwa, na mume wangu alinitania mpaka uzeeni kwamba nilibadilisha kioo kwa bawaba. Lakini lori la makaa liliteremka Rungwe bila mzee. Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya nilifungua ule mlango wa nyuma, nikakuta kuni, nyembamba, zimefunikwa gunia. Aliishi nasi miaka mitano mingine, yeye akipita mbele, mimi nyuma.

Wajukuu wananiuliza babu yao mkubwa alifananaje, maana picha yake hatuna. Wengine katika ukoo wanasema alikuwa mweupe kidogo, wengine wanasema pua yake ndiyo hii ya mjukuu wangu wa tatu. Mimi siwezi kubisha. Uso wake sikuwahi kuuona, hata siku ya kumzika. Nawaambia nilichokiona nilipopita mbele ya lile benchi nimeinama: miguu miwili mikubwa ndani ya katambuga, chini ya blanketi, imelowa tope, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda. Nikaona anairudisha nyuma, taratibu, ili nipate pa kupita.