Karatasi Zilizonyooshwa

Katika wizara ya mambo ya nje, wengi walimwita Mama Nukta. Hakuwa na mtoto. Makarani walimpa jina hilo kwa sababu ya maandishi yake ya nukta nundu, yale ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Alikuwa afisa wa dawati la mito na mipaka, na kwa miaka kumi na mmoja aliandika kumbukumbu za vikao vyote kuhusu mto tunaoutumia pamoja na majirani zetu. Mimi niliajiriwa mara tu baada ya kuhitimu chuo, nikapangiwa kuwa msomaji wake. Kazi yangu ilikuwa kumsomea barua, kuchapa anachotamka, na kumwambia nani ameingia chumbani bila kusalimu.

Surua ilimpokonya macho akiwa na miaka saba. Alinieleza hivyo siku ya kwanza, kwa sentensi moja, kisha akasema, "Haya, hilo tumelimaliza. Nisomee barua ya juu."

Kikaoni aliketi pembeni ya meza akiwa na kibao chake cha chuma na kisindano, akidonoa karatasi nene kutoka kulia kwenda kushoto. Mlio wake ulikuwa mdogo na wa haraka. Mgeni mmoja mwenye cheo kikubwa aliwahi kuomba saa ya ukutani iondolewe kwa kuwa inamsumbua. Mama Nukta alicheka na wenzake, kisha akaendelea kudonoa. Aliandika kila neno, na nani kalisema, na kama alilisema kwa kusitasita.

Mwaka ule jina lake liliingia kwenye orodha ya uhamisho kwa mara ya kwanza. Angekuwa katibu wa pili katika ubalozi wetu kwa majirani hao hao. Alikuwa ameomba kituo cha nje mara nne, na mara zote alijibiwa kwamba majengo ya balozi yana ngazi nyingi.

"Ngazi!" mdogo wake, aliyeishi naye, alimtania mbele yangu. "Dada, kwani wanadhani unapanda kwa macho? Miguu yako ina kasoro gani?"

"Waulize wao, usiniulize mimi," alijibu, lakini uso wake wote ulikuwa unacheka.

Kisha ikaja barua kutoka kwa majirani. Walitukumbusha ahadi yetu ya kufungua milango ya bwawa kwa siku kumi kila kiangazi. Wakubwa wa wizara waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Nani aliahidi? Muhtasari niliouchapa kutokana na nukta za Mama Nukta ulisema ni Mkurugenzi, aliyeongoza ujumbe wetu. Mkurugenzi akakana katakata.

"Nilitikisa kichwa kukataa," alisema kwenye korido, sisi tukisikia. "Kila mtu aliona. Yeye hakuona. Simlaumu, ndiyo hali yake."

Mama Nukta alisimama pale pale, mkono wake kwenye kiwiko changu. "Kama alitikisa kichwa sijui," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ila mdomo wake niliusikia."

Vikao vile havirekodiwi kwa sauti. Pande zote mbili zilikubaliana hivyo zamani. Maafisa wawili waliokuwamo walikuwa chini ya Mkurugenzi, na wote wawili walisema walikuwa wameinamia ramani, hawakumbuki. Kamati ya uteuzi ikaitisha kikao cha Alhamisi. Kama kosa lilikuwa la Mama Nukta, jina lake lingeondolewa kwenye orodha.

Hakuwa na hofu. Kumbukumbu zake za asili, zile za nukta nundu, alikuwa amezipeleka masjala siku ile ile ya kikao cha mto kama kanuni inavyotaka. Jumatatu asubuhi tulishuka kuzichukua.

Mkuu wa masjala tulimwita Mzee Faili. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi; hata penseli zake zilipangwa kwa urefu. Alitukaribisha kwa furaha na kuweka mezani kitabu kipya chenye jalada la bluu.

"Yote ya mwaka huu nimeyajalidi, mwanangu. Wakaguzi walitaka mafaili yanyooke. Zako zilinitoa jasho! Zilivimba, kamba haifungi."

Mama Nukta alifungua kitabu. Vidole vyake vilipita juu ya ukurasa wa kwanza, vikarudi, vikapita tena. Akafungua wa pili. Akafungua wa katikati.

"Mzee wangu," alisema polepole, "umezifanya nini?"

"Nilizipitishia sponji yenye unyevu kidogo, nikazibana." Alionyesha mashine ya chuma ya kugandamizia vitabu, ile yenye usukani juu. "Siku tatu. Zikalala vizuri kabisa."

"Na nukta?"

"Zipo! Tazama, matundu yote yapo." Alininyooshea ukurasa, hakumnyooshea yeye. "Miaka yote nakuona unatoboa na kisindano chako. Si mnasoma matundu?"

Kumbe mzee yule alidhani kwamba kile Mama Nukta anachokitoboa ndicho anachokisoma. Hakujua kwamba kidole hutafuta kivimbe cha upande wa pili, na vivimbe vyote alikuwa amevilaza kwa mikono yake mwenyewe, kwa bidii. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye ngazi ya rafu na kuvua miwani.

"Mungu wangu," alisema. "Nimekuua, mwanangu."

"Hujaniua. Inuka, utachafua suruali."

Lakini njiani kurudi alishika reli ya ngazi kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Ofisini nilijaribu kitu. Nilifunga mapazia, nikawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa ukurasa. Vivuli vidogo vikajitokeza, hafifu, kama alama za matone ya mvua kwenye vumbi. Mimi sikujua kusoma nukta nundu, lakini kila herufi ina nafasi sita, na nafasi naweza kuzihesabu.

"Mbili, tatu, nne," nilitaja.

"S."

"Mbili, nne."

"I."

"Moja, tatu. Halafu moja, tatu, sita."

"K. U. Siku. Endelea, usipumue."

Tulifanya hivyo saa za chakula cha mchana, siku tatu mfululizo. Mahali pengine vivuli vilikuwa vimekufa kabisa. Jumatano tukafika kwenye mstari tulioutafuta: Mkurugenzi, bila kusitasita, sawa, siku kumi, tusipotezeane muda. Mama Nukta aliegemea kiti na kufunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Alikuwa anajizuia kupiga kelele za furaha.

Alhamisi tuliingia mbele ya kamati. Mzee Faili alikuja bila kuitwa, amevaa tai.

"Kosa ni langu," alisema. "Niandikeni mimi. Mama huyu alileta karatasi zake zikiwa nzima."

Mwenyekiti wa kamati alimshukuru kwa ukweli wake, kisha akamgeukia karani. "Andika: kumbukumbu za asili ziliharibikia masjala."

Nikaona mlango ukifungwa. Kama zimeharibika, basi hakuna ushahidi. Niliharakisha kueleza habari ya tochi na vivuli.

"Wewe unasoma nukta nundu?" mwenyekiti aliniuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa hiyo uliona usichokijua, na yeye akakisoma asichokiona?"

Mtu mmoja mezani alicheka. Mkurugenzi hakucheka, alikuwa anatazama kalamu yake.

"Leteni mwalimu wa wasioona," Mama Nukta alisema. "Mwenye macho, anayesoma nukta. Wapo. Atumie tochi hiyo hiyo."

"Orodha inafungwa leo jioni, mama."

Uamuzi ulichapwa papo hapo, akapewa atie sahihi. Nilimsomea kwa sauti. Jina lake linaondolewa kwa mwaka huu. Sababu: kwa kuwa haoni, afisa hakuweza kutambua ishara ya kukataa iliyotolewa na kiongozi wa ujumbe.

Aliweka kalamu mezani.

"Kituo mmeninyima, sawa, mna mamlaka. Sentensi hiyo sitii sahihi. Ikikaa kwenye faili langu, na wa kesho asiyeona ataonyeshwa hiyo hiyo. Ifutwe."

Walibishana naye kwa nusu saa. Alikaa wima, mikono kwenye magoti. Mwishowe mwenyekiti, akiwa amechoka, alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi na kuweka herufi za kwanza za jina lake pembeni.

Mama Nukta alipitisha kidole juu ya karatasi. Wino hauhisiki kwa kidole.

"Wamefuta?" aliniuliza mbele yao wote.

"Wamefuta."

"Yote? Hata neno la mwisho?"

"Hata la mwisho."

Akatia sahihi. Tulipofika nusu ya ngazi alisimama, akageuza uso kuelekea sauti yangu, akaniomba niape kwamba kweli wameifuta.